Alimwaga Maziwa Yangu Akiogopa Miale, Sasa Ni Zamu Yake

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana hapa Njoro tunajuana mpaka ng'ombe. Nina miaka sitini na minane. Nilifundisha fizikia shule ya upili hadi nikastaafu, na sasa nafuga ng'ombe watatu wa maziwa. Mtanivumilia nikieleza mambo kwa urefu. Ualimu hautoki mwilini haraka.

Mwaka juzi niligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Daktari akaagiza tiba ya miale, siku tano kwa wiki, wiki saba. Kwa wasiojua, mgonjwa wa koo hutengenezewa barakoa ya plastiki yenye matundu. Huwekwa usoni ikiwa laini na vuguvugu, ikapoa ikashika sura yako, kisha kila siku hufungwa kwa vibanio kwenye kitanda cha mashine ili kichwa kisisogee hata kidogo. Wahudumu hutoka, mlango hufungwa, unabaki peke yako na mlio. Miaka thelathini nimewachorea watoto wa watu miale ubaoni, mishale kwa mishale, lakini siku ya kwanza nilipofungwa pale nilidhani nakufa. Nilipigapiga kitanda kwa mkono mpaka wakaja kunifungua. Kesho yake dada mmoja wa mashine akaniambia, "Mzee, usihesabu dakika. Tafuta kazi yako ya nyumbani uifanye kwa akili." Basi nikawa nakamua ng'ombe kichwani, chuchu moja baada ya nyingine. Nikimaliza ng'ombe wa tatu, mlango unafunguka. Hivyo ndivyo nilivyozimaliza zile wiki saba.

Sasa nifike kwenye kisa. Ndugu yangu mdogo, tumbo moja, ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha maziwa. Asubuhi moja katika wiki ya nne, shingo imeshakuwa nyeusi na kila chakula kina ladha ya bati, nilibeba mkebe wangu mwenyewe mpaka kituo chetu cha kukusanyia maziwa kabla ya kwenda hospitali Nakuru. Foleni ilikuwa ndefu. Ndugu yangu akaweka mkono juu ya mfuniko wa tangi.

"Mwalimu, hii maziwa haiwezi ingia hapa."

"Kwa nini? Umeipima?"

"Si mambo ya kupima. Wewe unachomwa na miale kila siku, halafu unakamua na hiyo mikono. Unataka watoto wa watu wapate kansa?"

Nikamweleza polepole, sauti ikikwaruza. Miale ya mashine ile ni kama mwanga wa taa. Ukizima taa, mwanga haubaki umejificha ndani ya kabati. Mama mmoja nyuma yangu akauliza, "Mwalimu, kwani giza ikiingia wewe huwaka?" Foleni nzima ikacheka. Ndugu yangu akauchukua mkebe, akaumwaga mtaroni mbele ya watu wote. Niliyatazama maziwa yakipita katikati ya gambuti za majirani zangu, watu ambao nusu yao niliwafundisha. Tangu siku hiyo, hata ibada ikiwa nyumbani kwa mtu, mimi nikawa naletewa chai kwa kikombe cha kutupa.

Siku ile niliokota mkebe wangu mtupu nikaenda zangu Nakuru. Lakini kwenye kitanda cha mashine, ng'ombe walipokwisha, nilianza kumwona yeye amefungwa pale badala yangu, na niliona raha.

Mwezi uliopita ndugu yangu aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume. Ameandikiwa tiba ile ile. Alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda cha jikoni, kofia mkononi.

"Mwalimu, wewe ulipitia. Hiyo kitu inachoma?"

Maelezo ya dakika tano yangemtosha. Ningemwambia kwamba ugonjwa wake hauhitaji barakoa, kwamba mtu hulala tu na hasikii chochote. Badala yake nilisema, "Mwenyekiti, si wewe ndiye mtaalamu? Uliza wale uliowafundisha kituoni." Alipoinuka nikamwongezea, "Na utafute mtu mwingine wa kushika tangi, maana mikono yako nayo itakuwa na miale." Alipotoka nilikunywa chai vikombe viwili, na ilikuwa tamu.

Siku yake ya kwanza hospitalini hakwenda. Sasa anakunywa mizizi ya mzee fulani wa upande wa Keringet. Amepewa siku nyingine, Jumanne ijayo, na daktari ameonya kwamba ugonjwa huo hausubiri. Mke wake alikuja kunililia. Nikampa sharti: mume wake asimame kituoni mbele ya foleni, anywe kikombe cha maziwa niliyoyakamua kwa mikono yangu, kisha aseme alikosea. Akifanya hivyo, nitampeleka Nakuru mimi mwenyewe. Nikampa na chupa ya maziwa ili ajizoeze.

Jana shemeji alirudi na ile chupa.

"Shem, alifikisha kikombe kwa mdomo. Mkono ikaanza kutetemeka, akaiweka chini. Si madharau. Huyu mtu anaogopa. Hata ile siku ya mtaro alikuwa anaogopa, ni vile tu alikuwa na watu."

Niliipokea chupa nikaiweka mezani. Miaka miwili nimemchukia mtu mwenye roho mbaya, na sasa naambiwa alikuwa mwoga tu. Ningependa abaki mbaya. Mwoga hufundishwa, na kazi hiyo naijua kuliko mtu yeyote hapa.

Msinihubirie msamaha, mahubiri hayo nayajua. Hata pole sijapewa. Nikienda kumweleza, atatibiwa na kurudi kukaa juu ya tangi lake, na waliocheka hawatajua kamwe kwamba walicheka kwa upumbavu wao. Nikinyamaza, Jumanne itapita na nitazika ndugu. Ukweli ambao sijamwambia hata mke wangu ni huu: nataka apone, na nataka aogope mpaka dakika ya mwisho. Ninyi mnaosoma, nishaurini. Leo ni Ijumaa. Niende, au nimwache atetemeke kidogo tena?