Benchi la Nje ya Mlango

Nakumbuka Jumapili moja pale mtaa wa Kamunyonge, mwanangu, nilipokaa nje ya nyumba ya watu nikisikia harufu ya sato wa kukaanga, na nisiingie kula ingawa nilikuwa nimealikwa. Juzi uliponieleza kwamba shirika lenu, ambalo kazi yake ni kutetea haki za watu, linawaachisha ninyi kazi bila kuwasikiliza, na kwamba mnaona haya kulalamika kwa sababu mkurugenzi wenu ni mtu mwema, Jumapili ile ilinirudia. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu huwa nasahau mambo ya katikati.

Ilikuwa miaka ya mageuzi. Sukari na sabuni zilikuwa zimerudi madukani, tena sabuni za rangi, lakini kazi zilikuwa zinaondoka. Kiwanda cha nguo hapa Musoma kilikuwa kinafungua na kufunga, na viwanda vya kuchambua pamba upande wa Bunda vilipunguza watu kila msimu. Mimi nilitoka katika kimojawapo cha hivyo vya Bunda, nikachukuliwa na chama cha wafanyakazi kuwa mwalimu wa semina katika ofisi yake ya mkoa. Shule nilisoma kidogo. Sheria za kazi nilijifunza mwenyewe, kwa kuzinakili kwa mkono jioni baada ya kazi mpaka zikanikaa.

Katibu wetu wa mkoa nitamwita Mafuru. Huyu zamani alikuwa mbeba marobota ya pamba katika kiwanda kilekile nilichotoka, na aliwahi kufukuzwa kwa kututetea. Sitaki umwone kama mtu mbaya katika habari hii, maana hakuwa mbaya. Yeye ndiye aliyetuachia desturi ya benchi.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Meneja wa kiwanda alipenda kumwita mjumbe mmoja wa wafanyakazi peke yake. Anampa soda, anamuuliza habari za watoto, na mjumbe anatoka akiwa amekubali jambo ambalo wenzake hawalijui. Mafuru akatuwekea utaratibu: ukiitwa peke yako usikatae, na usiingie. Kaa kwenye benchi lililo nje ya mlango, useme, "Nawasubiri wenzangu," mpaka wafike. Wabeba marobota waliliita lile benchi kanisa, kwa sababu waliokaa pale walikuwa kimya na wana njaa. Nilipokuwa mwalimu nilikwenda na somo hilo kila mahali, Bunda, Nyamuswa, hata kwa wafanyakazi wachache wa mashambani waliokuwa hawana mlango wala benchi, tukakaa juu ya gogo.

Sasa, chama kinaishi kwa ada za wafanyakazi, na wafanyakazi walipopungua, ofisi yetu nayo ikaanza kuyumba. Ijumaa moja Mafuru alimwambia dereva wetu, Mzee Masatu, kwamba gari litauzwa, kwa hiyo Jumatatu asije. Alimwambia hivyo uani, Mzee akiwa anaosha magurudumu. Hakuna kikao wala taarifa ya mapema. Kama meneja yeyote angefanya vile, sisi wenyewe tungekuwa kwenye lango lake siku hiyohiyo.

Jumatatu tuliingia kwa Katibu, mimi na mpiga chapa wetu, dada Nyangeta, pamoja na wenzetu wa ofisi. Nyangeta ndiye aliyesema.

"Ndugu Katibu, na sisi ni wafanyakazi. Tunaomba tuwe na tawi letu, na Mzee Masatu arudi mpaka asikilizwe."

Mafuru alicheka mpaka akavua miwani. "Tawi la chama ndani ya chama! Mtadai kwa nani? Mwajiri wenu ni yule mama wa kiwandani anayekatwa ada. Mnataka kumgomea yeye?"

Mwanangu, swali lile lilikuwa na uzito, na mpaka leo silidharau. Ada ile ilitoka kwa watu waliokuwa na shida kuliko sisi. Nyangeta akasema polepole, "Yule mama hakumwambia Mzee Masatu asije Jumatatu. Umemwambia wewe."

Kikao kikaishia hapo. Lakini Jumamosi iliyofuata Mafuru alinishika bega mlangoni. "Kesho njoo ule kwangu. Njoo peke yako, tuongee kama watu wa nyumba moja. Nafasi ya kusimamia ofisi ya Bunda iko wazi, unajua."

Nilijua. Mama yako alikuwa na mimba yako, na Bunda ndiko kwao. Nilitoka pale nimefurahi, nikajiambia kwamba nikishakaa naye mezani nitamsemea Mzee Masatu vizuri zaidi kuliko tulivyomsemea ofisini. Nikaenda kumpa habari hiyo njema.

Nilimkuta ufukweni anashona nyavu. Alikuwa mtu wa kisiwa cha Rukuba, na alikuwa ameshaanza kujiandaa kurudi huko akavue. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kesho nitakula kwa Katibu na huko nitamsemea.

Hakuinua macho. "Nani amekutuma?"

"Mzee, si nataka kukusaidia?"

"Wewe unafundishaga watu wakae kwenye benchi. Au unawafundishaga wakae tu kama ndani hakuna samaki?"

"Mafuru ni mtu mzuri," nikamwambia. "Si kama yule meneja."

Hapo ndipo aliponitazama. "Ni mzuri, ndiyo. Nimemwendesha miaka mingi, namjua. Ndiyo maana nakwambia ukae. Yule meneja ungemkatalia hata angekupa nini, maana humpendi. Huyu utamkatalia kwa lipi? Ataongea vizuri, na wewe utaona aibu, utasema ndiyo. Kisha utakuja hapa kunieleza kwa nini na mimi niseme ndiyo." Akarudi kwenye nyavu zake. "Mimi nitakuja na Nyangeta. Ila usubiri, kanisani kwao wanahubirigi bila haraka."

Maneno yale yaliniuma, kwa sababu hakuyasema kwa hasira. Yeye ndiye aliyekuwa amepoteza kazi, na bado hakutaka nimwokoe kwa njia ile.

Jumapili nilifika Kamunyonge mchana. Barazani palikuwa na benchi la mbao. Nikabisha hodi, nikakaribishwa, nikakaa hapo nje. Mke wa Katibu akatoka akiwa na birika la kunawia.

"Shemeji, karibu ndani. Mbona unakaa na kuku?"

"Ahsante, shemeji. Nawasubiri wenzangu."

"Wenzako wapi? Mimi nimepika kwa mgeni mmoja."

Akaingia ndani, nikasikia wakinong'ona. Mafuru akatoka mwenyewe. Alisimama mlangoni akaniangalia, kisha akaliangalia benchi, na nikaona usoni mwake kwamba ameelewa. Kwanza alikasirika. Alisema ile ni nyumba yake si kiwanda, na kwamba nimemvunjia heshima mbele ya mkewe. Sikumjibu. Sikuwa jasiri, mwanangu. Nilikuwa najua tu kwamba nikifungua mdomo nitaomba radhi, na nikiomba radhi nitaingia.

Akarudi ndani. Ugali ukapoa. Watoto wa jirani walikuja kunitazama, wakachoka, wakaondoka. Mama mwenye nyumba akatoka tena, akaniwekea kikombe cha maji. Hatimaye wakatokea njiani, Nyangeta bado na kitambaa cha kwaya, Mzee Masatu nyuma yake amevaa koti lake la safari. Mzee akakaa kushoto kwangu, Nyangeta kulia.

Mafuru akatoka mara ya pili. Akatuangalia, kisha akamwita mkewe. "Mama Bhoke, songa ugali mwingine. Kanisa limejaa."

Tukala wote, tukaongea wote. Sitakudanganya kwamba tulishinda kila kitu. Gari liliuzwa. Mzee Masatu aliitwa ofisini, akasikilizwa mbele yetu, akapewa muda wa taarifa kama sheria inavyotaka, kisha akaagwa kwa heshima akarudi Rukuba. Tawi letu likakubaliwa, dogo, la watu wa ofisi moja. Nafasi ya Bunda alipewa mtu mwingine, na mama yako alininunia kwa muda, kisha akaacha.

Muda ukapita. Siku moja wakubwa walikuja kutoka makao makuu, wakajifungia katika chumba cha Katibu, wakaagiza aitwe. Sisi tulikuwa kwenye chumba chetu, mashine ya Nyangeta inapiga. Tulijua wamekuja kumwondoa. Kila mtu alijua. Mashine ikanyamaza, tukatoka kuona kuna nini. Mafuru alikuwa amekaa kwenye benchi la wageni koridoni, mikono magotini, kama mbeba marobota.

Karani wa wakubwa alikuwa amesimama mlangoni. "Ndugu Katibu, wanakusubiri."

"Nimesikia," Mafuru akasema. "Nawasubiri wenzangu."

Kisha akatugeukia sisi, ambao alitucheka tulipoomba tawi, akasogea kidogo kwenye benchi kutuachia nafasi. Nyangeta alikuwa wa kwanza kukaa.

Basi, mwanangu, ushauri wangu ni huu. Usimwonee haya mwajiri wako kwa sababu anafanya kazi njema. Kazi njema haimpi ruhusa ya kuwaondoa watu uani. Wala usimchukie, kwa sababu iko siku naye ataitwa na walio juu yake, na atahitaji watu wa kukaa naye. Akikuita peke yako, hata kwa upole, hata kama ana haki katika nusu ya anayosema, nenda, ukae nje, usubiri wenzako. Na wenzako wakichelewa, vumilia njaa. Ukiwa na mashaka jiulize swali la Mzee Masatu: nani amekutuma?

Mungu akupe wenzako wanaofika, hata wakichelewa. Akupe pia moyo wa kusogea kwenye benchi, siku aliyekukosea atakapohitaji mahali pa kukaa. Mama yako anakusalimu, anasema ukija ulete unga wa muhogo, wa hapa umepanda bei.