Nélida, Samaki wa Milia na Ngoma ya Daktari

Kabla hajaja kwenye maabara yetu hapa Montevideo, Nélida Etchart alipara magamba ya samaki sokoni kwa miaka kumi na tisa. Daktari Berrutti, mkuu wetu, alimwajiri akiamini kwamba samaki ni samaki tu. Mwezi haukuisha, Nélida akaacha kabisa kula samaki.

"Nitawatazamaje asubuhi," aliniambia mimi karani, "na jana nimekula binamu yao?"

Samaki wetu ni wadogo, wana milia ya buluu, na mayai yao ni maangavu kiasi kwamba kwa hadubini unauona moyo mchanga ukidunda. Ndiyo maana watafiti wa magonjwa ya moyo wanawapenda. Nélida aliwawekea majani ya plastiki wajifiche, akapiga marufuku kugonga vioo. Ikibidi samaki akatwe kijipande cha pezi cha kupimwa, alisimama na bakuli la dawa ya usingizi, macho kwenye saa.

"Bado hajalala, Daktari. Ngoja. Wewe uling'olewa jino moja tu ukalia mpaka barabarani wakasikia."

Januari ile mayai yakakoma. Daktari alilaumu chakula, akalaumu maji, mwishowe akamgeukia Nélida.

"Unawadekeza, Bi Nélida. Wamekuwa wavivu."

"Wavivu? Hawa?" Aliondoka bila kuaga, na mlango ukasikika jengo zima.

Kesho yake alikuja mapema kuliko kawaida, na mimi nikamfuata na chupa ya maji moto ya kutengenezea mate, ile chai chungu ya majani inayonywewa huku kwetu. Samaki hawa hutaga taa zinapowaka asubuhi. Zikawaka. Madume wakaanza kuwakimbiza majike, mambo yakaanza kunoga. Ghafla, nyuma ya ukuta: bu-bum! bu-bum! Samaki wote wakazama chini, wakajibana pembeni.

Nélida akafungua mlango wa stoo. Daktari Berrutti alikuwa kifua wazi, ngoma ikining'inia begani. Kanivali, sherehe yetu ya ngoma za barabarani, ilikuwa inakaribia, na mkewe alikuwa amempiga marufuku kufanya mazoezi nyumbani.

"Bi Nélida! Mimi... napima sauti."

"Na shati nalo linapimwa wapi?"

"Hawasikii bwana, hawana masikio."

"Si wewe uliyetufundisha kwamba wanayo, ndani ya kichwa? Ulituchorea hadi picha!"

Nélida akamshika mkono, akamwegemeza sikio kwenye fremu ya chuma inayobeba matangi. Kisha akarudi stoo, akaipiga ngoma ile mara tatu tu. Daktari akaruka kama aliyeguswa na umeme, akishika taya.

"Imefika mpaka kwenye meno!"

"Wao hawana pa kurukia," Nélida alisema kutoka stoo.

Daktari akawatazama wale samaki waliojibana. "Kila asubuhi?" aliuliza polepole.

"Kila asubuhi uliyopiga. Wiki tatu bila yai."

Nilimwona akiinama mbele ya kioo, msomi mzima wa watu, akinong'ona: "Samahanini, jamani."

Tukaweka vipande vya mpira chini ya fremu, na ngoma ikahamia kwenye maegesho ya magari. Siku ya nne Nélida alipita ukumbini mbio, glavu zikichuruzika maji: "Mia mbili na kumi na mbili! Wametaga!" Daktari akamkumbatia, wote wawili wakalowa.

Mgogoro mmoja ulibaki. Katika ripoti kwa kamati ya maadili, inayosimamia wanyama wa maabara, Daktari aliandika: "Mtetemo ambao chanzo chake hakijulikani." Nélida akagoma kutia sahihi.

"Andika jina la mpigaji."

"Watanicheka, Bi Nélida."

"Watakucheka siku moja tu. Samaki wangu wameteseka siku ishirini na moja."

Daktari akaandika. Wakamcheka kweli, tena kikaoni mbele yake, kisha wakaamuru kila maabara ipimiwe mitetemo.

Februari tulisimama kando ya barabara kutazama gwaride. Daktari alipita jasho likimtiririka, akipiga nje ya mdundo bila aibu yoyote. Nélida alimshangilia mpaka sauti ikamkauka, halafu akanigeukia:

"Maskini. Kumbe sikuwahi kuwaonea huruma ya kutosha wale samaki."