Chipu Alizoziacha Wazi

Kinyaa hakupewa jina hilo bure. Mtu gani anayepangusa kiti kabla ya kukaa, tena kiti chake mwenyewe? Kikombe chake alikifungia kwenye droo, asije mtu akakitia mdomo. Akiona alama ya kidole kwenye sahani, basi tena, siku hiyo hali. Dada yake alikuwa akimcheka: "Wewe ungeweza, ungejizaa mwenyewe!" Naye anakunja pua tu.

Lakini kwenye betri, jamani, tumpe haki yake. Miaka kumi na moja alikaa chumba cha nyuma cha karakana ya shemeji yake, mume wa dada huyo, akifufua betri za kompyuta, za redio za walinzi, na za mashine ndogo za oksijeni. Anapasua ganda, anatoa seli zilizochoka, anachomelea mpya. Halafu inakuja kazi ya chipu. Ndani ya kila betri ya namna hiyo mna chipu inayopima chaji na kukumbuka umri: imechajiwa mara ngapi, imebakiwa na nguvu kiasi gani. Ikiwa imefungwa, unaruhusiwa kusoma tu. Ukitaka kuandika, sharti uingize ufunguo, msururu wa tarakimu ambazo Kinyaa alikuwa nazo kichwani. Upo na ufunguo wa pili, wa ndani zaidi, unaokuruhusu kila kitu, hata kubadilisha funguo zenyewe. Ukimaliza, unaifunga tena.

Sasa hapo ndipo bwana msafi alipokuwa mchafu kuliko wote. Hakuzifunga. Alijiambia betri itarudi tu siku moja, ya nini kuhangaika na tarakimu mara mbili? Akaziacha wazi, zote, miaka yote.

Asubuhi moja akaingia nesi mkuu wa wodi ya wagonjwa wa mapafu, betri mkononi. Hata salamu hakutoa.

"Fundi, mmetuuzia nini? Jana mchana umeme umekatika. Kioo kinasema asilimia themanini. Dakika nne, mashine kimya! Nimekimbilia mtungi wa oksijeni hadi mwisho wa korido, nikirudi midomo ya mzee wa watu imeshakuwa ya bluu. Ni Mungu tu."

Kinyaa akaiunganisha na kompyuta. Chipu ikasema betri imechajiwa mara tatu tu, bado mpya kabisa. Akapasua ganda, na harufu tamu ya kutapisha ikampiga usoni. Seli zilikuwa zimevimba, zimevuja, zimeota ukungu wa kijani. Akautambua uchomeleaji wake mwenyewe, wa miaka sita nyuma. Betri hii aliitia kwa mkono wake katika boksi la kutupa.

Akatoka mbele. Shemeji yake alikuwa kaunta, anajichokoa meno kwa bisibisi.

"Shemeji, umezitoa betri kwenye boksi la kutupa?"

"Nimezifuta zikang'aa. Namba nimebadilisha mbili tatu. Hata ufunguo sikuhitaji, si uliziacha wazi wewe?" Akatema kitu sakafuni. "Kwani kuna aliyekufa?"

Kinyaa akarudi hatua moja nyuma, asikanyage alichotema. Kumi na moja, miaka kumi na moja amekula meza moja na mtu huyu! Na kilichomchefua zaidi ni kwamba maneno yale yalikuwa kweli.

"Ziko ngapi?"

"Tisa. Nane ziko huko huko wodini. Na ukienda kunichafulia jina, usirudi hapa. Dada yako utamweleza mwenyewe."

Kinyaa akabeba kompyuta na waya wake, akamwambia nesi, "Twende, sista, kabla umeme haujakatika tena."

Wodini wauguzi walitanguliza mitungi kwa wagonjwa, yeye akawa anapita kitanda hadi kitanda. Betri anaichomoa, anaipima, anasoma, anafungua kwa ule ufunguo wa ndani, anaandika nguvu sifuri, anabadilisha funguo, anafunga. Sasa ndiyo anakumbuka kufunga! Jasho likamtiririka, na wala hakujua mara ya mwisho kanawa lini. Saba zilikuwa zimeoza sawasawa na ile ya kwanza.

Ya nane ilikuwa ya bibi mmoja aliyekwisha kufunga mizigo yake. Mashine ilikuwa mapajani, ameikumbatia kwa mikono miwili.

"Karibu, mwanangu," akasema, akivuta pumzi kati ya neno na neno. "Wewe ndiye fundi? Leo narudi nyumbani nayo. Kule kwetu umeme ni wa kubahatisha, lakini nimeambiwa betri yake inakaa saa tano. Niambie kweli, ni nzima?"

Kinyaa akasoma. Chipu ilisema mpya, lakini mashine ilipowashwa kwa betri tu, chaji ikaporomoka; isingevuka dakika sita.

"Hapana, bibi. Leo usiende."

"Nani kaiharibu?"

Jina la shemeji lilimjia ulimini, tayari kabisa. Akaona linamnukia vibaya kuliko zile seli.

"Ilikuwa ya kutupwa. Mwenzangu kaitia namba za uongo, lakini mlango nilimwachia mimi. Kufunga kulikuwa kazi ya dakika moja, nikaona uvivu."

Bibi alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, polepole. Kisha akaisogeza mashine mbali naye, upande wa ukutani.

"Basi usiishike," akasema. "Niitie nesi."