Tabliye Iliyokwenda Muyinga

Paskazia aliajiriwa kupiga deki. Ndivyo alivyoambiwa siku ya kwanza katika kliniki ya binafsi pale Magarama, mjini Gitega, naye akaridhika, maana deki haimtishi mwanamke aliyekulia kambini Tanzania na kurudi kwao Giteranyi akakuta shamba la baba lina mwenyewe mwingine. Mumewe, Egidius, alibaki kule kaskazini akilima kipande cha kukodi.

Lakini mwenye mikono imara hakosi kuongezewa kazi. Mtoto akiletwa kupigwa radio, ile picha ya kuonyesha mifupa na mapafu, akalia na kujinyonganyonga, Leonardi wa mashine alichungulia mlangoni na kuita, "Mama Paskazia, njoo ushike." Mama wa mtoto hakuitwa, ati akina mama hulia na kuchelewesha kazi. Kwa hiyo mikono ilikuwa ile ile, leo na kesho.

Mwanzoni ilikuwapo tabliye, vazi zito lenye madini ya risasi ndani, la kukinga mionzi. Ilimlemea mabega, lakini aliivaa. Kisha mwenye kliniki, Daktari Prosper, akafungua tawi Muyinga, na wakaguzi walipotangaza kupita huko, tabliye ikapakiwa garini ikaenda kuonyeshwa. Wakaguzi wakija Gitega, inarudi; wakielekea Muyinga, inawatangulia. Aibu gani hii! Vazi la kumkinga mfanyakazi limegeuzwa pambo la kupokelea wageni.

"Mionzi ni kidogo tu, haina neno," Leonardi alikuwa akisema, halafu anakwenda kujibanza nyuma ya ukuta. Haina neno, na yeye amejificha! Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Sasa Paskazia alikuwa mjamzito. Mimba za nyuma zilikuwa zimeharibika, na hii aliijua yeye na Egidius peke yao. Kwao mimba changa haitangazwi. Mwanamke hungoja tumbo lijitangaze lenyewe, maana macho ya watu si mema yote. Na Leonardi aliulizaje wanawake? Alisimama katikati ya korido akapaza sauti, "Nani iko na mimba?" mbele ya wakwe, majirani na wachuuzi wa sokoni. Wanawake wakatazama vidole vya miguu. "Hakuna," Leonardi alijijibu, akaingia ndani. Jambo la kunong'onezwa sikioni linapigiwa mbiu, kisha kimya cha mwenye haya kinachukuliwa kuwa jibu!

Asubuhi moja Fatouma, mke wa fundi cherehani, alimleta mwanawe mwenye kikohozi kisichoisha. Mama mkwe wake aliketi kando yake. Mtoto alipoanza kupiga mateke, Leonardi akaita.

"Tabliye iko wapi?" Paskazia aliuliza.

"Iko Muyinga. Njoo, mama, ni dakika tu."

"Leo mgongo unaniuma."

Alidhani amejiokoa. Leonardi alisonya, akamgeukia Fatouma. "Basi we ingia, umushike mwana. Iko na mimba?"

Fatouma alimtazama mkwewe, akatazama sakafu. "Hapana," alisema, na mkono wake ukashika fundo la kitenge chini ya kitovu. Paskazia aliujua mkono ule. Wake ulikuwa pale pale tangu alfajiri.

Hasira ikampanda. Angekaa kimya, siri yake ingebaki salama, na mimba ya mwenzake ingeingia mle ndani badala ya yake. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na hakuwahi kuuona ukweli wake mpaka pale.

"Leonardi!" alisema, na korido yote ikasikia. "Mgongo hauniumi. Mimi nina mimba. Na huyu dada usimwingize mpaka umwulize mkiwa wawili."

Fatouma akasema kwa sauti ndogo: "Na mi pia, mama."

Mkwewe aligeuka, akamtazama kitambo, akainuka na kumchukua mjukuu. "Mi nitamushika. Mi ni mukecuru, bibi kizee, tumbo langu ilishafunga duka. Lakini ile nguo, leteni kwanza."

"Iko Muyinga, nyanya."

"Muyinga si mbinguni. Tunaingoja." Akaketi kizingitini na mjukuu wake mapajani, na hakuna aliyethubutu kumruka. Wanawake wengine nao hawakuondoka.

Leonardi alipiga simu. Jua lilikuwa limeshapinda Daktari Prosper aliposhuka garini na tabliye begani, jasho likimtiririka kama mpagazi wa kahawa. Alisikia habari yote pale pale mlangoni, akamkabili Paskazia.

"Una mimba, na umekuwa ukishika watoto? Kwa nini hukusema tulipouliza?"

Paskazia alimpokea tabliye, akamvisha yule bibi, akamfunga kamba vizuri mgongoni.

"Hamkuuliza, Daktari," alisema. "Mlipiga kelele."