Nyufa za Nyumba ya Nane

Kwa miaka arobaini fundi rangi yule aliishi kwa methali moja: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Hakuna ufa uliokutana naye ukabaki wazi. Mtaani wakamwita Mzee Puti, kwa jina la ule unga wa kuzibia nyufa kabla ya rangi, naye akaitika.

Binti yake, kitindamimba, alipenda magofu. Akitoka kazini alijifungia chumba cha uani akapaka rangi nyumba ndogo za resini, plastiki ngumu, kimo cha kikombe, za mchezo wa vita wa mezani aliocheza na wenzake kila Jumamosi, kwa vinyago vya askari visivyozidi kidole. Kuta zilikuwa zimetobolewa na mizinga, mapaa yameporomoka.

"Mji mzima mbovu!" baba alimtania. "Ungeniita mapema nikupigie puti."

"Ukiziba ufa, baba, umeharibu mchezo. Askari wangu watachungulia wapi?"

"Na hiyo unayoiogesha kwa sabuni, ni kichanga?"

"Imetoka kiwandani na mafuta. Usipoiosha, rangi inabanduka. Wewe fundi gani?"

Walicheka hadi mama akawagombeza.

Binti alipoanza kukohoa, baba alisema, "Ni vumbi la rangi tu, litapita." Alisema hivyo miezi mitatu. Walipofika hospitali, daktari aliwauliza walikuwa wapi siku zote.

Binti alipofariki aliacha nyumba saba zilizokamilika, na ya nane ya kijivu, haijaguswa. Wenzake walipokuja kutoa pole, mmoja wao, msichana wa miwani, alisema, "Jumamosi tutaupanga mji wake wote, tucheze mara moja kwa ajili yake. Tutaufuata asubuhi, baba."

"Mtaukuta umetimia," akajibu mzee.

Ijumaa asubuhi akaiogesha ile ya nane kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, akiikinga kwa kiganja. Akaikausha kwa kanga ya marehemu. Kisha mkono ukashika njia yake ya miaka arobaini: puti, msasa, rangi nyeupe mikono miwili, mmoja juu ya mwingine. Alasiri akaiweka kati ya zile saba, laini kama yai.

Mama aliingia na chai. Akaitazama, akaitazama tena.

"Mume wangu," akasema polepole, "umeziba matundu yote."

Mzee alikodoa macho. Kweli, saba zilikuwa na majeraha yao, na hii imesimama katikati kama mgeni aliyevaa nguo za harusi akaingia msibani.

"Mkono umezoea, mke wangu. Sikuuona unavyokwenda."

Kulikuwa na ufa mwingine, ule wa miezi mitatu ambao mzee hakuuziba, na wote wawili waliujua. Hawakuwahi kuutaja.

Mzee akachukua sindano ya kushonea. Akaanza kufukua, tundu baada ya tundu, puti ikimwagika mezani kama unga. Tundu la dirisha lilipofunguka akainama akapuliza. Vumbi likamrudia usoni, akakohoa. Akakohoa tena, kwa muda mrefu.

Mama, aliyekuwa anatoka, akageuka mlangoni, akaliweka sinia chini.

"Ni vumbi la—" akaanza mzee.

Walitazamana.

"Kesho kutwa tunakwenda hospitali," akasema mama.

"Tutakwenda."

Kisha mzee akachagua brashi ya binti yake iliyo nyembamba kuliko zote, akaichovya kwenye rangi nyeusi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akapaka rangi ndani ya ufa, ili uonekane.