Betri Aliyoifunga Kahaso

Watu wa mtaa wetu hupenda kusema kwamba Kahaso ana kichwa kigumu. Mimi niliyeweka cherehani yangu ukuta mmoja na karakana yake kwa miaka sita nasema hawamjui. Nimechoka kulisikia jambo lake likisimuliwa upande upande, kwa hiyo leo nalisema mwenyewe.

Kahaso alizaliwa Jilore, kwa wakulima wa mahindi na mihogo. Babake alifariki yeye akiwa darasa la saba, na mjomba wake Mwaro, dereva wa teksi hapa Malindi, ndiye aliyemlipia chuo cha ufundi. Darasani wavulana walikuwa ishirini na wanane, msichana yeye peke yake. Alipomaliza alizunguka mashambani akifunga pampu za maji za sola, na huko ndiko alikozijua betri, kuzifungua na kuzipima, kuchagua nzima na kutupa mbovu. Baadaye Mwaro akampa kibanda cha mabati kwenye kiwanja chake, bila kodi. Basi ukimwona Kahaso anainamisha macho akizungumza na mjomba wake, usimcheke. Kila alicho nacho kimepitia mkono wa yule mzee.

Mwaro ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta gari la umeme kwenye stendi yao. Wenzake walimcheka, kisha wakamwonea wivu, kisha wakamcheka tena, maana joto la Malindi liliila ile betri hadi gari likawa haliwezi kwenda Watamu na kurudi. Kahaso akatafuta betri nyingine. Aliipata Mombasa, kwenye gari jipya lililopata ajali, ikiwa nzima kabisa. Kuifunga kulimchukua siku tisa. Mimi nilimpikia siku hizo zote, na nilimwona akivaa glovu za mpira mpaka viwiko, akinifukuza nisisogee, jasho likimtoka hata nyusi hazionekani. Siku ya kumi gari liliwaka. Alikaa chini kwenye saruji akalia, nami nikalia naye bila hata kujua ninachokililia.

Halafu macho ya Mwaro yakaanza kufifia, daktari akamkataza usukani, na gari likawa la kuuzwa.

Jioni moja kabla ya mnunuzi kuja, nilimsikia mzee kupitia mabati. Sikuwa nategea sikio. Mabati hayafichi kitu.

"Kahaso mwanangu, mgeni akikuuliza, betri haijaguswa. Ni ile ile ya kiwandani."

"Lakini mjomba, gari la umeme si kama…"

"Nimeuza magari wewe hujazaliwa. Gari likishafunguliwa, watu hulikimbia. Bei yake ni nusu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mjomba."

Nilikasirika mpaka uzi ukanikatikia. Mzee hakuwa mwizi, nisimsingizie. Miaka arobaini amekaa na magari ya petroli, na kwenye petroli ni kweli, injini iliyofunguliwa hutia shaka. Lakini siku tisa za yule msichana alizifuta kwa neno moja, na yeye akaitikia ndiyo.

Mnunuzi alikuwa Wanjira, mama wa makamo aliyehamia Kilifi kutoka bara, anayebeba wafanyakazi wa hoteli asubuhi na jioni. Alikuja na Probox yake, akaiegesha mbele ya cherehani yangu, akasalimia kila mtu, kisha akaanza kazi. Alizunguka gari, akapiga magurudumu, akafungua milango yote minne. Mwaro akamtajia laki tisa. Hakushtuka. Akamgeukia Kahaso.

"Wewe ndiye fundi wake?"

"Ndiye mimi."

"Hii betri imewahi kuguswa?"

Kahaso alimtazama mjomba wake. Mjomba alitazama barabarani.

"Haijaguswa," akasema.

Nilijidunga sindano. Wanjira aliingia ndani, akawasha gari, akakaa akiangalia kioo cha mbele ya usukani. Katika magari haya kuna vijiti kumi na viwili vinavyoonyesha uzima wa betri, na kadiri inavyozeeka vinazimika kimoja kimoja. Alitoka polepole akafunga mlango.

"Gari la miaka kumi," alisema, "joto la Malindi, betri ya kiwandani, na vijiti vyote kumi na viwili vinawaka. Mnaniona mimi mtoto?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Mmefuta kumbukumbu ya betri ndiyo mita idanganye. Nikishalipa, baada ya mwezi vinashuka mpaka sita. Mzee, hii gari ni ya laki tatu, na hata hizo sikupi." Akatoa simu. "Lakini sina neno na wewe. Mzee hajui kufuta mita. Fundi ndiye anajua. Kuna kikundi chetu cha madereva wa umeme, kutoka Mombasa mpaka hapa, na sisi wote tunatafuta fundi wa betri. Leo leo nawaandikia: karakana ya Kahaso, Malindi, wasipeleke gari."

Niliinuka kama langu ndilo jina linaloandikwa. Nilitaka kupiga kelele, lakini jambo halikuwa langu. Kidole cha Wanjira kilikuwa tayari juu ya simu. Kahaso alisimama katikati yao wawili. Akisema kweli, amemwita mjomba wake mwongo mbele ya mgeni, na kwetu hapa hilo halifanywi na mpwa akabaki mpwa. Akinyamaza, hakuna atakayempa betri tena maishani.

"Mjomba," akasema kwa sauti ndogo, "mwambie."

Mwaro aliendelea kutazama barabarani.

"Mjomba, nakuomba. Mwambie wewe."

"Niseme nini? Nimeshasema."

Kahaso akapiga moyo konde. "Mama, betri si ya kiwandani. Nimeifunga mimi kwa mikono yangu, mwaka jana. Vijiti vimejaa kwa sababu ni nzima. Niwie radhi, mjomba."

Uso wa Mwaro ulibadilika rangi. Wanjira hakucheka wala hakulainika.

"Dakika tano zilizopita uliniambia haijaguswa. Sasa niamini kauli gani?"

"Usiamini hata moja. Lala chini uone namba ya betri, uilinganishe na ya gari. Kisha ingia tuende Kilifi na kurudi, jua hili la saa sita, kipoza hewa kikiwaka. Likikwama njiani, andika unachotaka. Nitakutajia hata jina langu la tatu."

Mama yule mzima alilala kwenye saruji na leso yake nzuri, akamulika na simu, akapiga picha. Namba hazikulingana. Alipoinuka alimpa Mwaro ufunguo wa Probox kama amana.

"Mzee, unakuja?"

"Mimi siingii gari moja na aliyenivunjia heshima."

Wakaondoka wawili. Chaji ilikuwa asilimia tisini na sita, kwenda na kurudi ni kilomita mia na ishirini, na mimi nikabaki na Mwaro kwenye benchi langu. Saa tatu nzima! Nilimpa chai, hakuinywa. Nilimsemesha, akaniitikia kwa koo. Wakati mmoja tu alifungua mdomo: "Nilimsomesha, Mama Whitney." Nilimwonea huruma wakati huo, sikatai. Lakini nilikuwa nahesabu magari yanayopita na kumwomba Mungu lile moja lirudi kwa miguu yake.

Lilirudi saa tisa na robo, kimya kimya kama kawaida yake, Wanjira akiwa kwenye usukani. Kioo kilisoma asilimia thelathini na moja.

"Mngeniambia mapema nisingepanda presha," Wanjira alisema. "Betri ya kwanza ingekuwa imekufa. Hii ndiyo inafanya gari iwe gari. Laki tisa nalipa, sikupunguzii hata moja. Lakini kwenye makubaliano tuandike aliyefunga betri ni nani, na namba yake ya simu. Bila hiyo mimi sinunui."

Wakaandika. Mwaro alitia sahihi bila kumtazama mpwa wake, akapokea ujumbe wa benki, akatembea kwenda kwake.

Hiyo ni miezi minne sasa. Karakana ina magari matatu kutoka Kilifi na moja la Mombasa, na kibanda mzee hajamnyang'anya. Hakuna anayeweza kusema amemtendea ubaya. Ila kila asubuhi mzee anapopita kwenda msikitini kwenye darasa lake la dini, Kahaso huacha spana, hufuta mikono, husimama mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

Mzee hupita. Jana alipita hivyo hivyo, na Kahaso akarudi ndani akaniambia kwa kunong'ona, "Mama Whitney, mjomba kapata laki zote tisa. Marahaba moja tu ndiyo iliyomshinda."