Magoti Kwenye Baraza ya Shule

Mimi nimekuzwa na kiboko. Nilikosomea, Morogoro, mwalimu hakukuuliza kwa nini umechelewa. Ulinyoosha mkono, ukala fimbo zako mbili, ukaingia darasani. Nilipopata kazi ya msaidizi wa mwalimu kwenye shule moja ya msingi huku ughaibuni, kitongoji cha St Marys, nikawa nawacheka kimoyomoyo Wazungu waliochuchumaa kuongea kwa upole na mtoto aliyetoka kumtukana mtu. Watoto wanalelewa kama mayai, nilisema.

Shule zilipofunguliwa baada ya kujifungia kule kwa korona, binti mmoja wa darasa la tano, Mkongomani, mpole tangu zamani, alitushinda. Hakukubali kuachia simu. Sheria ilitaka simu zikae kwenye kikapu cha mwalimu mpaka jioni. Yeye aliificha soksini, na mwalimu alipojaribu kuichukua, alimng'ata mkono. Alikwisha kusimamishwa shule mara moja. Sasa alikuwa anakaribia kusimamishwa tena, kwa muda mrefu zaidi, akashinde peke yake ndani ya fleti mama akiwa kazini. Niliona anastahili.

Mama yake alikuwa msafishaji wa hospitali kule Westmead. Alikuja na sare yake ya kazi. Wazazi walikuwa bado hawaruhusiwi kuingia ndani, hivyo tulikutana barazani, kila mtu na barakoa yake: yeye, binti, naibu wa mwalimu mkuu, na mimi wa kutafsiri.

Naibu hajamaliza salamu, mama akamgeukia mwanawe. "Piga magoti! Omba mwalimu pardon."

Binti akapiga magoti kwenye saruji. Sikushtuka, kwetu ndivyo mtoto anavyoomba radhi. Aliyeshtuka ni naibu, mwanamke mnene wa makamo mwenye goti bovu. Nilidhani atamwinua. Badala yake akashika ukuta, akashuka polepole, naye akapiga magoti mbele ya mtoto.

"Ee dada, mwambie aache!" mama akanisihi. "Mukubwa hawezi pigia mutoto magoti!"

Naibu hakungoja tafsiri. Alimuuliza binti anaogopa nini akiiachia simu. Binti alimtazama mama yake kwanza, kisha akajibu kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo hata ikabidi niiname. Alisema ni mama aliyemkataza kuiachia.

"Mie? Siku gani?" mama akauliza nilipomtafsiria.

Siku ya ambulensi, binti akasema. Mama alipozidiwa na korona, walimpandisha yeye tu. Mlangoni alimkabidhi mtoto simu, akamwambia: "Usiachilie hii telefone. Nikiita, ukamate." Binti akakaa kwa majirani wa kanisani, akilala na simu kifuani. Mama akapona, akarudi nyumbani, akarudi kazini kwenye hospitali ileile. Ila amri yake hakuifuta. Nani angekumbuka?

Kumbe huyu ndiye mtoto mtiifu kuliko wote shuleni, nasi tulikuwa tunamrudisha kwenye upweke uleule wa kumsubiri mama, kwa sababu ya utiifu wake. Nilikasirika sana, na sikujua hasira ile niipeleke kwa nani.

Mama naye akashuka chini. Barakoa yake ilikuwa imelowa machozi. "Nilisharudi, mama yangu," alimwambia mwanawe. "Niko hapa. Iachilie."

Binti hakuiachia. Naibu akasema hasimamishwi mtu. Mama atapiga kila siku mchana, na simu itakaa mezani mahali binti anapoiona. Nikatafsiri, nikinyanyua sauti bila sababu.

Naibu akataka kusimama. Goti likagoma. Binti akaruka, akamvuta kwa mkono mmoja, akashindwa. Akaitazama simu yake, akanitazama mimi.

"Nishikie, anti," akasema. Sikuwahi kumsikia akiongea Kiswahili.

Akamwinua naibu kwa mikono yake yote miwili. Nami ile simu niliipokea kwa miwili, nikiwa nimeinama kidogo, kama tunavyopokea kitu kutoka kwa mtu mzima.